Waziri wa London na Bomba la Mtaani Kwetu

Watu wengine wakipelekwa Ulaya hurudi na koti. Mimi nilirudi na kiburi. Nilipelekwa miezi minne kusomea kazi ya maktaba, kwa sababu skuli ya Mjini ninayofundisha historia ina maktaba ya makabati mawili, na moja limefungwa, ufunguo wake haujulikani uliko. Mkubwa mmoja akaona kwamba dawa ya kabati lisilofunguka ni kumpeleka mwalimu Uingereza. Sikumbishia. Safari ya bure haibishiwi.

Kule baridi ilinifungia ndani, na ndani mlikuwa na karatasi kuukuu. Wenzangu wa kozi walipokwenda madukani, mimi nilikaa nikasoma magazeti ya kejeli ya Waingereza wa karibu miaka mia tatu nyuma. Nilitarajia kuwakuta wale Waingereza tuliofundishwa, wanaoomba radhi hata wakikanyagwa wao. Nikawakuta watu wenye ndimi kali kuliko biharusi aliyekosewa. Waziri wao mkubwa wanamwandika kuwa jemadari wa wezi. Bunge lao wanalihamishia nchi ya kubuni, halafu wanatoa khabari za huko kwa uso mkavu, kama hawajui wanachokifanya. Jina la mtu hawaliandiki lote: wanaweka herufi ya mwanzo na ya mwisho, katikati wanapiga mstari, na mji mzima unajua ni nani. Na mwandishi mwenyewe hana jina. Anajiita mzee fulani wa kubuni, mpenda nchi yake, asiye na ugomvi na mtu. Gazeti likishaingia kwenye nyumba ya kahawa, mmoja anasoma na wengine wanasikiliza, kisha linatembea mjini kwa midomo.

Nilicheka peke yangu mpaka bibi wa maktaba akanikazia macho. Kahawa, watu waliokaa kitako, mafumbo, na wakubwa wanaonuna! Nilijiambia kuwa Waingereza wale walizaliwa mahali pasipo pao, walitakiwa wazaliwe mtaani kwetu.

Niliporudi Unguja nikakuta diwani wetu amefungua bomba la maji. Si mara moja. Alilifungua mara ya kwanza lilipokuwa jiwe la msingi, likapigwa tarumbeta. Akalifungua mara ya pili bomba lenyewe lilipochomekwa ardhini, akakata utepe. Akalifungua mara ya tatu lilipopakwa rangi ya buluu, akakata utepe mwengine. Mara zote tatu wanafunzi wetu walitolewa madarasani wakapige makofi, na mara zote tatu maji yaliletwa kwa gari ili mheshimiwa anawe mikono mbele ya kamera. Gari likiondoka, na maji yanaondoka. Kina mama wa mtaa wanaendelea na ndoo zao mpaka kisima cha msikitini, wakilipita lile bomba zuri kama wanavyopita nyumba ya mtu waliyekosana naye.

Basi na mimi nikaandika. Ukurasa mmoja, khabari za London ya kale. Nikaeleza kwamba palikuwa na waziri huko aliyefungua kisima kimoja mara tatu, na kwa kuwa maji hayakutoka, wananchi walimwomba afungue na mara ya nne, huenda maji yana haya. Mara ya nne, nikaandika, utepe wa kisima ulichelewa kufika, kwa hiyo waziri alikata ule uliofungiwa mkasi, akaufungua rasmi mkasi wenyewe, watu wakala wali wakarudi makwao. Chini nikaweka kwamba khabari hii imetafsiriwa kutoka magazeti ya zamani. Ilikuwa uongo mtupu. Jina langu sikuliweka, maana ndivyo nilivyowaona wakubwa wa fani wanavyofanya.

Wa kunitolea nakala alikuwa mama mmoja mwenye duka la fotokopi nyuma ya soko, kwenye fremu ndogo ya jengo la umma. Baba yake aliletwa kutoka bara kuchuma karafuu, yeye kazaliwa hapa, hakujui kwengine, na Kiswahili chake ni cha Mjini kuliko cha wengi wanaojinasibu na Mjini. Ni Mkristo. Watu wakiwa na shida naye ni "mama wa fotokopi", wakikosana naye ni "yule mtu wa bara". Mashine yake ilikuwa na mkwaruzo ndani, ikaacha mstari mwembamba mweusi upande wa kushoto wa kila karatasi, kutoka juu mpaka chini. Kwa mashine hiyo alikuwa akisomesha mabinti wawili, peke yake.

Siku ya kwanza aliisoma ile karatasi yote kabla hajaiweka kwenye kioo.

"Mwalimu, huyu waziri wa London mbona namjua?"

"Humjui. Kafa zamani."

"Mbona juzi nimempigia makofi?"

Akacheka, akabonyeza. Nakala thelathini zikatoka, kila moja na mstari wake.

Barazani kwetu kuna mstaafu wa forodha, mtu mwenye sauti nzuri na miwani ya mkono mmoja. Yeye ndiye msomaji. Kila jioni baada ya sala ya alasiri huwasomea wenzake magazeti, pamoja na maelezo yake ambayo ni marefu kuliko magazeti. Karatasi yangu niliiacha chini ya birika la muuza kahawa, nikakaa pembeni na kikombe changu. Mstaafu akaiokota, akaisoma kimya, akakohoa, akaanza tena kwa sauti. Alipofika kwenye maji yenye haya, mzee mmoja alitema kahawa. Alipofika kwenye utepe wa mkasi, waliinuka, wakatembea hatua mbili tatu, wakarudi kukaa, kama wanavyofanya watu wa kwetu kicheko kikiwazidi.

Sijawahi kufurahi vile, hata siku ya harusi yangu. Na nilijitia nasikia mara ya kwanza. Niliuliza: "Hii imetoka wapi?" Mtu mwengine akasema imetoka kwa watu wakubwa, wasomi, labda walioko nje ya nchi. Nilirudi nyumbani nimevimba kichwa.

Kila wiki ikatoka Karatasi. Ndivyo walivyoiita, Karatasi, maana jina sikuipa. Waziri wa London akaenda kuwatembelea wagonjwa, akawaletea picha zake. Waziri wa London akaunda kamati ya kuchunguza kwa nini kamati iliyopita haikuchunguza. Mtaa mzima ukawa unauliza, "Waziri wa London hajambo?" Hata wale wasiojua London iko upande gani walikuwa wakimwombea maisha marefu.

Hapa lazima nieleze jambo kwa wasio wa kwetu. Fumbo, Unguja, halina mwenyewe mpaka mtu alidake. Mwanamke anaweza kupita mbele ya jirani yake na kanga yenye maneno makali, na jirani akiwa na akili atamsifia rangi ya kanga. Lakini akisema, "Unanisema mimi?" basi kwisha, ameshalivaa yeye, na yule mwengine atamjibu kwa upole kwamba yeye kanunua kanga tu dukani. Mtoto wa miaka saba analijua hili. Nguvu yote ya fumbo iko kwa anayesemwa. Akinyamaza, limekufa. Akijibu, limezaa.

Diwani wetu alijibu. Alikuja barazani Ijumaa moja, kanzu imepigwa pasi mpaka inakata, na watu wake wawili nyuma. Mstaafu alikuwa katikati ya kusoma. Mheshimiwa akamwashiria aendelee. Akasikiliza yote akiwa amesimama, shingo inavimba. Tulidhani atacheka na kuondoka, na lau angefanya hivyo, leo ningekuwa sina cha kuandika.

Akasema: "Kwanza huu ni uongo. Mimi sikulifungua mara tatu! Ile ya mwanzo ilikuwa ni uwekaji wa jiwe la msingi. Jiwe la msingi si ufunguzi. Kwa hiyo nimelifungua mara mbili tu."

Muuza kahawa aliacha kugonga vikombe vyake. Mstaafu akavua ile miwani, akaifuta taratibu kwa ncha ya kikoi, akasema kwa adabu zote:

"Mheshimiwa, sisi hapa tulikuwa tunasoma khabari za London."

Nimesikia vicheko vingi, lakini kile kilitoka mpaka madirisha ya ghorofani, maana wanawake nao kumbe walikuwa wakisikiliza juu. Diwani akatutazama mmoja mmoja. Alipofika kwangu, mimi niliingiza macho kwenye kikombe, nikawa nautafuta unga wa kahawa kama mtu aliyepotelewa na pete. Akageuka akaondoka. Jioni ile nilikuwa mtu mkubwa kuliko wote Unguja, na hapakuwa na anayejua ila mimi na mama wa fotokopi.

Jumatatu watu wa diwani walikwenda dukani kwa yule mama. Watu watatu, karatasi mkononi, wakatoa nakala moja kwenye mashine, wakailinganisha na Karatasi. Mstari kwa mstari. Wakamwambia kibali chake kina kasoro, wakafunga fremu kwa kufuli jipya, mashine ikabaki ndani. Kasoro itaondoka, wakamwambia, akileta jina la aliyeandika. Mpaka Alkhamisi saa sita. Baada ya hapo fremu atapewa mwengine.

Jumanne alikuja kunisubiri kwenye geti la skuli, amejitanda kanga, mkoba kaukumbatia kifuani. Alinieleza hayo yote kwa sauti ya kawaida. Na mimi, mwalimu wa historia, mrithi wa mashujaa wa kalamu, swali langu la kwanza lilikuwa hili:

"Umewatajia?"

Alinitazama. Ninalikumbuka jicho lile kuliko ninavyokumbuka nyuso za wanangu walipokuwa wadogo.

"Sijawatajia. Nimekuja nikwambie wewe, ukajitaje. Jina ni lako, mwalimu, mimi siwezi kuligawa."

"Nipe siku mbili nifikirie."

"Mbili zipo," akasema. "Tatu hazipo."

Nilifikiria kwa bidii. Nilifikiria kwamba mimi ni mtumishi wa serikali, na mtumishi huhamishwa. Nilifikiria kiinua mgongo. Nilifikiria pia kwamba nikijitaja nitaivunja fani, maana fani yenyewe ni kutotajwa, na Waingereza wale walijificha miaka na miaka wakaheshimika. Mtu mwoga akisoma sana hakosi sababu. Mimi nilikuwa nazo mpaka zikanimwagika. Jumatano asubuhi nikaaga skuli kwamba dada yangu anaumwa, nikaenda zangu Chwaka.

Dada yangu hakuwa anaumwa. Nilimkuta nyuma ya nyumba anafunga mbegu za mwani kwenye kamba, miguu ameinyoosha, rundo la mwani mbichi ubavuni. Ni mkubwa wangu kwa miaka kumi. Nikamwamkia, "Shikamoo dada." Akaitika marahaba bila kuacha kufunga.

"Umekuja kututembelea au umekimbia?"

"Nimekuja kupumzika."

"Umekimbia," akasema, akanitupia kamba niifunge na mimi.

Nilikaa nikafunga mwani siku nzima, vibaya, kila fundo langu yeye akalifungua akalirudia. Na nikamweleza. Nilianza mbali, na London, ili isije ikaonekana khabari yenyewe ni ya fremu moja nyuma ya soko. Nilimsifia wale waandishi, uhodari wao, namna walivyomkera waziri mpaka akakosa usingizi. Akasikiliza. Akauliza hawa watu hawakukamatwa? Nikamwambia kwa nadra, walikuwa hawajulikani. Akauliza basi serikali ilikuwa inamkamata nani?

Hili msomaji sikukueleza mwanzo, kwa sababu hata mimi kule maktaba nililisoma nikaugeuza ukurasa upesi. Serikali ilikuwa inamkamata mchapaji. Yeye ana duka, ana mashine, na mashine haiwezi kukimbia. Wachapaji walifungwa. Wengine walisimamishwa sokoni, shingo na mikono imebanwa kwenye ubao, watu wakawatupia uchafu. Mume akifungwa, mke anaendelea kuchapa, halafu na mke anakuja kuchukuliwa.

"Na walikuwa na watoto hao?" dada akauliza.

Sikujua. Miezi minne nilikaa nikisoma mambo yale, nikayahifadhi majina ya waandishi, hata yale ya kubuni waliyojificha nayo, nikawa ninayataja barabarani peke yangu kama anayesoma uradi. La mchapaji sikuwa nalo hata moja.

"Hujui," akasema dada. "Haya. Leo siku gani?"

"Jumatano."

"Basi gari ya mwisho ipo."

Nikamwambia nina uchovu, nitaondoka alfajiri. Alfajiri mvua ikanyesha. Mvua ilipokatika, dada alikuwa ameshashuka pwani na wenzake, maji yamekupwa, na mimi nikajipa kazi ya kumtengenezea mlango wa banda la kuku uliolegea. Ulikuwa mlango mbovu sana, nakuhakikishia. Nilipomaliza kuutengeneza, saa sita ilikuwa imepita zamani. Kuku walinishangaa. Dada aliporudi, suruali imelowa mpaka mapajani, akauona mlango mzima na mimi nimesimama kando yake. Alikwenda kuoga, akanipakulia chakula kama anavyompakulia mgeni, kwenye sahani ya maua. Nilikula huku nimeona haya mpaka masikio yanawaka.

Jumamosi nikarudi Mjini. Fremu ilikuwa wazi, na ndani mlikuwa na mtu anauza vifuniko vya simu. Mashine ilikuwa imetolewa nje jana yake ikaachwa kwenye jua mpaka mwenyewe alipokuja na mkokoteni. Muuza vifuniko alinikaribisha kwa bashasha, akaniuliza ninatumia simu gani.

Hapo ndipo ushujaa ukanijia. Huwa unanijia namna hiyo, watu wakishazika. Jumapili nzima nilitunga hotuba. Jumatatu nikavaa kanzu na kofia yangu ya Iddi, nikaenda ofisini kwa diwani, nikapita bila kuketi kwenye benchi la wasubiriji. Nikasimama mbele ya meza yake nikasema: "Mheshimiwa, ile Karatasi mimi ndiye niliyeiandika."

Yeye akasukuma kiti kwa mguu. "Kaa, mwalimu. Chai unakunywa? Ya rangi au ya maziwa?"

"Nimesema ni mimi."

"Najua ni wewe. Umenisomesha kidato cha pili, umesahau? Mstari wa mwanzo tu nshakujua. Nani mwengine hapa Mjini anajua mambo ya Waingereza waliokufa? Siku ile barazani nilikuja kukutafuta wewe. Nikakutazama, ukatazama kikombe."

Hotuba yote ikanitoka kichwani. Nikauliza, kwa sauti ambayo haikuwa ya hotuba, kama alijua, yule mama amemfungia kwa nini.

Akanieleza bila hasira, kama mwanafunzi mzuri anayemjibu mwalimu wake.

"Mwalimu, nimechekwa mtaa mzima, lazima mtu afungiwe. Sasa nikufungie wewe? Baba yako ndiye aliyeikosha maiti ya babangu siku aliyokufa. Dada yako yuko Chwaka, kaolewa na kina sisi. Nikikugusa wewe, wa mwanzo kunijia ni mama yangu, Ijumaa msikitini sipati wa kunipa mkono. Yule mama nani atanijia kwa ajili yake?"

"Ulimwambia alete jina."

"Jina la nini, na mimi ninalo? Nilitaka uje wewe." Akakoroga chai yake. "Ungekuja Alkhamisi ningemfungulia. Wallahi ningemfungulia. Ningekutazama vipi usoni, mwalimu wangu umekuja kuniomba? Nimekaa hapa mpaka saa nane. Sasa fremu nshampa mtu, na yule naye ana watoto."

Akaniagiza chai ya maziwa, na ninaona aibu kusema kwamba niliinywa. Akanisindikiza mpaka mlangoni. Wasubiriji wote kwenye benchi waliinuka walipotuona, wakatupa mkono, yeye na mimi, sawasawa.

Nilikaa wiki mbili bila kwenda barazani. Mstaafu wa forodha alinitumia salamu kwamba wazee wanaumwa na kiu ya waziri wa London. Nami niliandika, lakini London sikuitia hata mara moja. Niliandika bomba, rangi yake ya buluu, mtaa liliko, fremu, kufuli, na mama mmoja aliyepewa siku tatu ataje jina akakataa. Niliandika Chwaka na mlango wa banda la kuku. Na chini, kwa mara ya kwanza, niliandika jina langu lote, la baba na la babu, herufi zote, bila mstari katikati. Niliisoma, nikaona ni nzuri. Nikaona kwamba hata yeye akiisoma moyo wake utatua kidogo.

Niliambiwa kwamba amehamia karibu na soko la Mwanakwerekwe, mashine kaiweka kwenye ukumbi wa nyumba ya kupanga, mlango ukifunguliwa unagonga ubavu wa mashine. Nilimkuta anawatolea wanafunzi nakala za mitihani ya majaribio. Nilisubiri zamu yangu kama wengine. Hakukunja uso. Alinikaribisha, akaniuliza khabari za dada yangu, kwamba alisikia anaumwa.

Nikampa karatasi. Aliisoma yote akiwa amesimama, taratibu, kama alivyosoma ile ya kwanza, ila safari hii hakucheka popote. Alipofika chini, kwenye jina, alikaa nalo kidogo. Nakiri nilikuwa nangoja asante.

"Nakala ngapi?" akaniuliza.

"Thelathini."

Akanyanyua kifuniko cha mashine, mkono ukasimama juu ya kioo. Binti yake mmoja alikuwa nyuma yake anafunga vitabu vya skuli. Akanigeukia.

"Kwa hiyo na hii pia umekuja nikuchapie mimi?"

Wallahi, nilikuwa sijalifikiria hilo.